Sekunde Tatu Kabla ya Bao

Bao lenyewe lilikuwa la kawaida. Kiwanja cha shule eneo la Somanda, mjini Bariadi, vumbi la mwezi wa sita limesimama hewani. Mpira mrefu ulipigwa kutoka nyuma, beki akakosea hesabu ya mdundo, namba tisa akamzidi mbio na kupiga shuti ambalo kipa aliona bora alipishe. Watu wakaingia uwanjani kumtunza kijana. Noti ya elfu moja ikabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho.

Pembeni yangu alisimama mwalimu wa michezo mstaafu, daftari la kurasa 96 mkononi. Hakuandika kitu. Alikuja kuandika dakika nane baadaye, namba tisa akiwa hana mpira, na mpira haukumfikia kabisa. Nilichungulia: "Dk 31. Ageuza shingo mara 2. Atoka mgongoni mwa beki. Pasi haikuja."

"Mwalimu, bao hukuliona?"

"Nimeliona. Kila mtu kaliona."

Makala hii inaifumbua mistari ile ya daftari, kwa sababu ndani yake mna kazi nzima ya kusaka mshambuliaji mchanga, na ni kazi ambayo mkoani Simiyu hufanywa na watu wachache mno.

Tuanze na ardhi. Viwanja vingi vya huku ni udongo mgumu wakati wa kiangazi. Mpira hudunda juu, hautelezi. Beki wa umri wa miaka 14 akiukosa mdundo, mshambuliaji yeyote mwenye mbio anabaki na kipa peke yake. Bao la namna hiyo linapima miguu ya beki kuliko akili ya mfungaji. Ndiyo maana orodha ya wafungaji wa ndondo ni shahidi dhaifu: kijana anaweza kumaliza mashindano na mabao 10 ambayo kati yake mawili tu yangefungika mbele ya beki anayelingana naye kwa mbio. Swali la msaka vipaji kwa kila bao ni hilohilo moja: je, angefunga kama beki asingekosea?

Kwa bao la Somanda, jibu ni hapana. Kwa dakika ya 31, jibu ni tofauti. Kiungo wao alikuwa ameupata mpira katikati ya uwanja, kichwa chini. Namba tisa aligeuza shingo akamtazama beki, akatazama mpira, akamtazama beki tena. Kisha akapiga hatua mbili kuelekea kwa kiungo, polepole, kama mtu anayeomba pasi mguuni. Beki akamfuata. Palepale akageuka na kuchomoka kupitia upande ambao beki haoni, mgongoni mwake. Kutoka shingo hadi kuchomoka zilipita kama sekunde tatu. Kiungo hakuinua kichwa, nafasi ikafa, mashabiki wakaendelea na soga zao. Lakini hakuna aliyemfundisha kijana yule kumdanganya beki kwa hatua mbili za uongo, na hilo ndilo jambo gumu kulipanda kwa mtu akishafika miaka 20. Shuti hufundishika. Kuujua muda wa kuondoka kunafundishika kwa shida kubwa.

Mwalimu ana mazoea yake, na nimeyakubali yote isipokuwa moja. Hasimami nyuma ya goli, maana huko unaona mashuti tu. Husimama sambamba na mstari wa eneo la hatari, upande timu ya kijana inakoshambulia, na kila kipindi huchagua robo saa ya kumtazama kijana bila kuutazama mpira. Ni vigumu kuliko inavyosikika, macho yanavutwa. Katika robo saa hiyo anahesabu mara ngapi kijana kageuza shingo kabla pasi haijaja, mguso wa kwanza umeupeleka mpira wapi, na amefanya nini katika sekunde tano baada ya kuupoteza. Mguso wa kwanza kwenye kiwanja cha udongo unahitaji haki yake: mpira unaofika usawa wa goti siyo kosa la mpokeaji. Kinachopimwa ni kama ameuua kuelekea golini au ameuua chini ya miguu yake mwenyewe, beki akamfikia.

Nisilokubaliana naye ni kumwacha kijana anayegombana na wenzake. Nimeona washambuliaji wenye hasira ambao hasira yao ni njaa ya pasi tu.

Hapa Tanzania tuna mfano ambao kila mtu anaujua mwisho wake lakini wachache wanaujadili mwanzo wake. Mbwana Samatta alizaliwa mwaka 1992, akakulia Mbagala, akaanzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon. Mwaka 2010 alihamia Simba. Mwaka 2011 Simba ikapangwa na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe waliokuwa mabingwa wa bara kwa miaka miwili mfululizo, 2009 na 2010. Simba ilitolewa uwanjani, lakini Mazembe waliporudi Lubumbashi walikuwa wameshamwona mtu wao, na mwaka huohuo wakamchukua. Mwaka 2015 alitwaa nao ubingwa wa Afrika akiwa na mabao 7 katika mashindano, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya England, Aston Villa.

Ukiichambua safari hiyo kwa jicho la msaka vipaji, unaona jambo moja: hadi anafika Mazembe, hakuna hata hatua moja ambapo mtu alisafiri mbali kumtafuta. Mbagala ipo Dar es Salaam. Simba ipo Dar es Salaam. Mazembe walikuja wenyewe kucheza. Samatta alikuwa na kipaji, na alikuwa anaishi njiani, mahali ambapo wenye macho wanapita. Kijana wa Bariadi hayupo njiani. Barabara ya lami inamtoa hadi Lamadi, pale unapokutana na barabara ya Mwanza na Musoma, na ni Mwanza ndiko watazamaji waliko. Mshambuliaji Aisha Masaka alipitia Alliance Girls ya huko Mwanza, kisha Yanga Princess, akafika BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na Brighton ya England mwaka 2024. Kanda ya Ziwa inaweza. Ila mtu lazima amtoe mtoto Simiyu hadi Mwanza kwanza.

Wanaijeria, ambao wana bahari ya vijana, hulijaza pengo hilo kwa majaribio ya wazi: tangazo linatoka, mamia wanafika, kila mmoja anapata dakika chache. Ndivyo Victor Osimhen, aliyekulia Olusosun jijini Lagos, alivyofika mbele ya kocha Emmanuel Amuneke. Osimhen mwenyewe amesimulia kwamba alipewa muda mfupi, akafunga mabao mawili, na bado nusura aachwe. Mwaka 2015 alifunga mabao 10 katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Chile, Nigeria ikawa bingwa. Amuneke huyo ndiye aliyekuja kuifundisha Taifa Stars kuanzia 2018 na kuipeleka AFCON ya 2019, ya kwanza kwetu tangu 1980.

Watu huisimulia habari ya Osimhen kama sifa ya majaribio ya wazi. Mimi naisoma kinyume. Mfungaji bora wa dunia wa rika lake alibaki kwa uzi mwembamba, kwa sababu dakika chache haziwezi kumwonyesha mshambuliaji. Kiungo hugusa mpira mara nyingi ndani ya robo saa. Mshambuliaji anaweza kuugusa mara mbili. Nigeria inaweza kupoteza mmoja na kubaki na wengine. Simiyu, ambako wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zinategemea walimu wachache wenye madaftari, haiwezi. Kwetu njia ni kumrudia kijana: mechi moja mbele ya timu dhaifu, moja mbele ya timu ngumu, na moja ugenini ambako hakuna anayelijua jina lake.

Na kalenda haisubiri. Mavuno ya pamba yanashika kuanzia Mei hadi Julai, muda uleule wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA. Kijana anayekosa mazoezi wiki mbili huenda yuko shambani au na ng'ombe, na kocha asiyejua hilo humwandika mvivu. Septemba unakuja mtihani wa darasa la saba. Baada ya hapo baadhi ya wafungaji bora wa shule za msingi hawaonekani tena kiwanjani. Msaka vipaji asiyeandika jina la kijiji na la mwalimu wa darasa kabla ya Septemba amempoteza mtoto, hata awe amemwona vizuri namna gani.

Sasa umri, ambao unauma. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, waliondolewa kwenye fainali za Afrika walizokuwa wamefuzu, kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye kibao kiligeuka: Congo Brazzaville waliondolewa baada ya mchezaji wao aliyelalamikiwa kutofika kwenye kipimo, na nafasi yao ya fainali za Gabon 2017 ikawa yetu. Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria. Inatazamwa sehemu ya mfupa inayokua. Ikiwa imeshaungana kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17.

Bariadi hakuna MRI kiwanjani, lakini macho yanasaidia. Kijana wa miaka 14 mwenye ndevu na mapaja ya mtu mzima anaweza kuwa mkweli kabisa. Amewahi tu kukomaa. Shida ni kwamba mabao yake ni ya kifua, na wenzake wakimfikia kwa kimo, kifua hakitamfaa tena. Mwalimu humtazama zaidi mdogo wa mwili anayefunga kwa kuwahi nafasi. Kisha huenda nyumbani kwao kuomba kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo naliona muhimu kuliko saa ya kuhesabia mbio.

Karatasi hiyo ikitumika kumsajili kijana, ina thamani ya fedha pia. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka kuanzia 16. Mchezaji akiuzwa euro 1,000,000, klabu iliyomsajili kwa miaka minne ya mwanzo inapata euro 10,000. Lakini iwe klabu inayotambulika na chama, na jina liwe limesajiliwa. Timu ya mtaa isiyo na usajili haipati hata shilingi ya mpira. Na yeyote anayemwahidi mzazi wa mtoto wa miaka 15 timu ya Ulaya kwa malipo ya "gharama za majaribio" aulizwe habari ya Kelvin John: alizaliwa Juni 2003, alitamba akiwa Serengeti Boys, lakini Genk walimsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18, kwa kuwa kanuni hairuhusu mapema, ila kwa masharti machache.

Jumamosi iliyofuata timu ya namba tisa ilicheza Maswa. Tulikwenda. Mabeki walikuwa wakubwa, wawili kwa mmoja, na kijana hakutunzwa na mtu. Tukiwa kwenye Noah ya kurudi nililiomba daftari. Mwalimu alikuwa ameandika mstari mmoja chini ya ule wa kwanza: "Maswa. Mpira kaugusa mara 9. Bao 0. Shingo mara 22. Arudiwe."