Vitabu vya Mtumba katika Darasa la Nyumbani, Machakos

Nyumbani mzazi ndiye mwalimu na meza ya kulia ndiyo dawati, kwa hiyo gharama inayobaki kuuma ni ya vitabu. Kitabu kipya nchini Kenya hutozwa VAT ya asilimia 16 tangu 2013, na mtaala wa umilisi, CBC, hudai kitabu kwa kila somo. Mtumba hupunguza mzigo huo, ila kwa anayejua kuchagua.

Kazi huanza kabla ya kununua chochote. Miundo ya mtaala hupakuliwa bure kutoka tovuti ya taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD. Humo mna mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa na maswali dadisi ya kila gredi. Muundo ukishachapishwa ndio huwa uti wa mgongo wa mwaka. Kitabu hubaki ghala la mifano na mazoezi, hata kiwe cha mtaala uliopita.

Na vya mtaala uliopita, 8-4-4, vimejaa tele. Mtihani wake wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa 2023, na tangu hapo vitabu vyake vya shule ya msingi vimekosa wateja. Hupatikana kwa majirani ambao watoto wao wameingia sekondari, au Nairobi, kama kilomita 60 hivi kutoka Machakos, kwa wauzaji wa kando ya barabara wanaotandaza vitabu chini, wale ambao wateja huwaita "inama". Vya sekondari bado vina soko, kwani mtihani wa kumaliza sekondari wa 8-4-4, KCSE, utafanywa hadi 2027.

Masomo hayachakai kwa kasi moja. Hisabati ya Darasa la Sita haijaoza: sehemu, desimali na mjao ni vilevile, na vitabu vya zamani aghalabu vina mazoezi mengi kuliko vipya. Sarufi nayo hudumu. Maarifa ya Jamii ndiyo hatari. Kitabu cha kabla ya 2013 bado huiweka Machakos katika Mkoa wa Mashariki, atlasi ya kabla ya 2011 haina Sudan Kusini, na orodha ya zamani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huikosa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga 2022 na Somalia iliyojiunga 2024. Cha sayansi cha kabla ya 2006 huihesabu Pluto kuwa sayari. Pesa chache za vitabu vipya ziende kwa masomo haya mawili.

Kitabu hukaguliwa papo hapo. Kurasa zinazong'oka kwanza ni za mwanzo na za mwisho, yaani yaliyomo na majibu. Majibu yaliyoandikwa na mwanafunzi kwa penseli hufutika. Ya kalamu hufunikwa kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa ukingo mmoja. Mgongo uliolegea hushonwa kwa sindano nene na uzi, kisha kitabu hujalidiwa upya. Chenye maandishi ya mali ya Serikali kisichouzwa kiachwe: tangu 2018 Serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na cha aina hiyo kikionekana sokoni kimetoroka mahali.

Shughuli za CBC zinazoonekana ghali mara nyingi zina vifaa shambani. Chukua hifadhi ya udongo. Matuta ya fanya juu yametapakaa kwenye miteremko ya Ukambani: mtaro huchimbwa, na udongo kurushwa upande wa juu. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, kwa urefu wa mita 10, hutoa mita za ujazo 3.6 za udongo. Mtoto hupima kwa kamba, hukokotoa kwa kanuni iliyo katika kitabu cha 8-4-4, kisha huandika matokeo chini ya mada iliyo katika muundo wa CBC.

Kinachoshinda mtumba ni usajili wa mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na adhabu hufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Alama za kuingia sekondari ya juu nazo hutoka sehemu tatu: tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60. Alama za tathmini za shuleni huwasilishwa na shule kwa baraza la mitihani, KNEC. Mzazi hana budi kupata mapema shule itakayomwandikisha mtoto na kupeleka alama zake, kabla ya KPSEA.