Wapimaji wa Damu wa Baraka

Katika mji wa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mgonjwa aliyepona humshukuru daktari aliyemwandikia dawa na muuguzi aliyemkeshea, lakini ni nadra kumkumbuka yule aliyeinama juu ya darubini, ambaye hukumu yake ndiyo iliyoitangulia dawa.

Tone la damu ya mtoto hutandazwa juu ya kioo, huachwa likauke, hutiwa rangi ya Giemsa iliyochanganywa kwa kipimo, husuuzwa, kisha mpimaji huhesabu vijidudu vya malaria, kipande kwa kipande, mpaka chembe nyeupe za damu zitimie 200. Na chembe hizo zinazoulinda mwili ndizo mizani ya hesabu yenyewe. Rangi ikiganda, au vumbi likiingia, hana budi kuanza upya, hali akina mama wanangoja mlangoni.

Nami naona fadhila yake kubwa ni hii: akikuta chembe nyeupe zimezidi kupita kiasi, nazo ni changa, zenye kiini kikubwa, haridhiki kuandika malaria na kupumzika, bali humwita daktari, kwa kuwa huenda ikawa lukemia, yaani saratani ya damu, maradhi ambayo daktari Virchow wa Ujerumani aliyapa jina mwaka 1847. Uthibitisho hutaka hospitali kubwa za mbali, lakini shaka ya kwanza, ambayo bila yake hakuna safari, huzaliwa pale kwenye darubini. Na usiku, damu ya kuongezwa ikihitajika, huyo huyo huamshwa kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji, na kuipima virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini, kabla mfuko haujatundikwa.