Ufundi wa Kuhesabu Tofauti

Andika jina Mohamed, kisha liandike Muhammad. Ili la kwanza liwe la pili, o inageuka u, e inageuka a, na inaongezwa m moja: mabadiliko matatu. Kipimo hicho huitwa umbali wa Levenshtein, kwa jina la mwanahisabati wa Kisovyeti Vladimir Levenshtein, aliyekieleza mwaka 1965. Kwa kipimo hicho kompyuta inaweza kumpata mtu katika orodha hata kama karani aliandika jina lake kwa tahajia nyingine.

Njia ya kawaida ya kukipata ni kuchora jedwali, neno moja ubavuni na jingine juu, kisha kujaza kila kisanduku kwa kutazama majirani zake watatu. Ni njia ya uhakika, ila ina jasho. Ukitafuta kifungu cha herufi 64 katika maandishi ya herufi milioni moja, umejitwika visanduku milioni 64.

Hapo ndipo ninapostaajabia kazi aliyoichapisha Mmarekani Gene Myers mwaka 1999. Alianzia kwenye jambo lililokwisha kujulikana: visanduku viwili vinavyopakana havipishani kwa zaidi ya moja. Thamani hupanda moja, hushuka moja, au hubaki palepale. Basi namba zenyewe za nini? Yatosha kuweka tofauti, na tofauti ya aina tatu hutoshea katika biti mbili. Safu nzima ya visanduku 64 ikaingia katika namba mbili tu za biti 64.

Kikabaki kikwazo kimoja. Kila kisanduku hukisubiri kilicho juu yake, nacho hukisubiri cha juu zaidi. Myers aliukabidhi mlolongo huo kwa tendo la kujumlisha. Ile moja tunayoibeba kwenda nafasi inayofuata tunapojumlisha ndiyo inayopeleka habari kutoka kisanduku hadi kisanduku, na mashine huimaliza safari hiyo kwa tendo moja. Visanduku 64 hukokotolewa pamoja, kwa hatua chache, na jibu halipungui usahihi hata chembe.

Programu ya Edlib, inayolinganisha mifuatano ya DNA, imejengwa juu ya mbinu hii. Kijana unayejifunza kuandika programu, kabla hujadai kompyuta yenye nguvu zaidi, litazame jedwali lako kwa utulivu na uulize ni kipi ndani yake hakina haja ya kuandikwa.