Pampu Haifunguliwi Kwanza

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyoanza kutoka mwaka 1990, haina kompyuta ya kuulizwa. Ikigoma, fundi wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, anabaki na masikio, pua na spana.

Ninachomsifia fundi mzuri wa dizeli ni kutokuwa na haraka. Gari likikosa nguvu, wengi hukimbilia skrubu ya pampu ya dizeli. Yeye anaanzia kwenye tangi, anafuata mipira ya mafuta hadi filta, akitafuta panapovuta upepo. Injini ikiwa na misi, analegeza nati za mabomba ya nozo moja moja huku inaunguruma. Mlio ukiyumba, silinda ile ilikuwa kazini. Usipobadilika, hapo ndipo penye shida.

Kipimo ninachokipenda ni cha kitambaa. Gari linawaka vizuri alfajiri; mchana, likizimwa sokoni kwenye lile joto la Kyela, halikubali tena. Fundi analowanisha kitambaa, anaifunika pampu, anasubiri. Hamwagi ndoo ya maji, maana pampu iliyopata moto ikipozwa ghafla yaweza kukwama. Gari likiwaka, jibu limepatikana: kichwa cha pampu kimelika. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi, ikavuja pembeni ya pistoni ndogo iliyomo ndani badala ya kwenda kwenye nozo. Ikipoa, uzito unarudi. Na pampu hii hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayoisukuma, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila taratibu.

Halafu kuna mlima. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni 1,700 hivi. Dereva aliyepeleka mchele huko anarudi akilalamikia moshi mweusi.

“Na huku chini unatoka?” fundi anauliza.

“Hapana, fundi. Ni kuanzia Tukuyu kwenda juu.”

Huko hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ilhali pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha inapima dizeli ile ile. Fundi anafungua filta ya hewa, anaipuliza vumbi, anamrudishia ufunguo. Akipunguza mafuta ili moshi uishe Tukuyu, gari litakosa nguvu kwenye tope la Matema, huku chini ziwani.