Jiwe Baada ya Jiwe: Mnyoo wa Newquay Alivyonaswa

Mwaka 2009, wafanyakazi wa Blue Reef Aquarium mjini Newquay, kusini magharibi mwa Uingereza, walikuwa wakiamka na kukuta matumbawe ya tangi lao yamekatwakatwa. Kangaja mmoja waliyemthamini sana naye akaonekana na jeraha. Mchana hakuna kilichotokeza cha kutiliwa shaka. Wakakesha wakilinda, hawakuona kitu. Wakatega mitego, asubuhi wakaikuta imeraruliwa, na chambo kimeliwa pamoja na ndoana zake. Mwishowe wakaamua kulibomoa tangi zima, jiwe baada ya jiwe, ndipo akatokea mnyoo wa futi nne, yaani mita moja na ushei. Kitaalamu anaitwa Eunice aphroditois. Wao wakampa jina la Barry.

Magazeti yaliisimulia habari hiyo kama sinema ya kutisha. Mimi kinachonivutia ni msako wenyewe: kwa nini mitego ilishindwa, na kubomoa kukafaulu.

Tuanze na jiwe. Wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi huliita jiwe hai, ingawa lenyewe ni mifupa ya matumbawe yaliyokwisha kufa, yenye matundu mithili ya mkate wa kumimina. Uhai uko matunduni. Nje ya jiwe hukaa bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani zaidi, oksijeni inakopungua, wako wengine wanaoivunja nitrati hadi ikatoka kama gesi ya naitrojeni. Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa mawe ya namna hiyo na mapovu ya hewa tu, bila mitambo mikubwa ya kuchujia. Kwa hiyo anayenunua jiwe hai ananunua matundu. Na tundu linalofaa bakteria, likiwa pana kidogo, linamfaa kaa, konokono, na mnyoo mchanga asiyezidi unene wa uzi. Inadhaniwa Barry aliingia Newquay hivyo hivyo, kadandia jiwe akiwa mdogo, akala, akakua.

Sasa mtego. Mtego wa chambo umejengwa juu ya dhana moja: kwamba windo litatoka kwake, lije, liingie. Mnyoo huyu hana haja hiyo. Mwili hubaki shimoni, kichwa kikakaa mlangoni na papasi zake tano; kitu kikigusa, mataya yanayobana kama mkasi hufunga, naye hurudi ndani kufumba na kufumbua. Yasemekana Barry alikata hata mshipi wa kuhimili ratili 20, karibu kilo 9. Hata kama mshipi ungehimili, naona kazi ingekuwa bado: unavuta mwili mrefu uliojikita kwenye kona za jiwe kwa vijiguu visivyohesabika. Ukikatika, umebaki na kipande mkononi, na minyoo wengi wa ukoo huu wakipoteza mkia huota mwingine.

Mchokoaji pweza wa pwani yetu angewaambia watu wa Newquay hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye hapotezi muda na maji matupu. Husoma miamba, akatafuta maganda ya kome na kaa yaliyotupwa mlangoni, kisha huliendea shimo. Newquay walipoacha kumwinda mnyoo na kuanza kuiwinda nyumba yake, kazi ikawa ya subira tu. Ilikuwa njia ya gharama, sikatai: kubomoa tangi lililokomaa ni kuvuruga mchanga, matumbawe na samaki wote kwa pamoja. Ila mnyoo wa aina hii anaweza kujificha kuliko unavyodhani. Huko Shirahama, Japani, alipatikana mmoja ndani ya boya la chelezo, mwenye urefu wa sentimita 299 na uzito wa gramu 433.

Anayeanza tangi leo ana nafasi ambayo Newquay hawakuwa nayo tena: kukagua kabla ya kupanga. Jiwe likae kwanza kwenye pipa la maji ya chumvi, pasipo samaki, kwa wiki kadhaa. Hata bila wadandiaji, hatua hii inahitajika, kwa sababu sifongo na viumbe vingine vilivyokufa safarini huoza na kupandisha amonia. Usiku, angaza kwa tochi yenye karatasi nyekundu, maana wengi wa viumbe hawa hawaujali mwanga mwekundu kama wanavyoujali mweupe. Ukisikia mlio wa kugonga, tak, tak, huenda kuna kamba wa ngumi, yule anayevunja maganda ya konokono kwa kuyapiga. Ukiona viumbe mithili ya maua madogo ya kahawia, vyenye mikono mirefu, usivikwangue: kipande kinachobaki kinaweza kuota kuwa kingine.

Lakini usiue kila kinachotambaa. Hapa wanaoanza hukosea sana. Minyoo wadogo wenye manyoya, wanaoogopwa mno, wengi wao ni wafagizi wanaokula mabaki ya chakula. Anayelichovya jiwe zima kwenye maji yasiyo na chumvi ili asafishe kila kitu amelipia jiwe hai akaondoka na jiwe. Kama ndilo alilotaka, jiwe kavu ni rahisi kuliko hilo.

Mshukiwa akionekana, tia alama kwenye tundu lake, litoe jiwe hilo peke yake, uliweke kwenye ndoo yake. Vaa glavu nene. Wa Newquay walionya kwamba manyoya ya Barry huchoma na kuacha ganzi. Naye hawakumuua. Walimhamishia kwenye tangi lake mwenyewe.