Shikamoo Jazz: Wakongwe Wasioitwa "Zilipendwa"

Safari hii tunaitazama bendi ya Shikamoo Jazz, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa kuwakusanya wanamuziki wakongwe wa dansi, akiwamo Salum Zahoro aliyewahi kuongoza Kiko Kids ya Tabora. Bendi ilisaidiwa na HelpAge International, shirika linalohudumia wazee. Albamu yao, Chela Chela, ilitoka mwaka 1995.

Tuanze na jina. Shikamoo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, nayo humtaka mkubwa aitikie marahaba. Kwa hiyo anayeamkiwa yupo, anasikia na anasubiriwa kusema. Linganisha na neno tulilozoea kuuitia muziki wa aina hii: zilipendwa. Kiambishi -li- kinauweka upendo huo katika wakati uliopita, na kauli ya kutendwa inamficha aliyependa. Wanafunzi wa sarufi wataona kwamba majina haya mawili yanabeba hukumu mbili tofauti.

Je, muziki wenyewe unastahili hukumu ipi? Kwa maoni yetu, ile ya kwanza. Magitaa yanapeana nafasi, saksafoni inamjibu mwimbaji bila kumfunika, na maneno yanasikika vizuri kiasi kwamba mwalimu anaweza kuyatumia katika somo la matamshi. Dosari haikosekani: bendi iliegemea mno nyimbo za ujana wao, na hivyo ikawapa wasikilizaji sababu ya kuiweka kwenye kapu la zilipendwa.

Hata hivyo, lawama yote si ya wazee hawa. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi nchini. Nyimbo zilivuma, lakini watunzi wengi hawakunufaika nazo uzeeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka sita baada ya bendi hii kuundwa. Inasikitisha kwamba aliyewasaidia kurudi jukwaani alikuwa mhudumu wa wazee, wala si mfanyabiashara wa muziki.

Tunawashauri wanafunzi wanaoandika tasnifu za fasihi wazichambue nyimbo hizi kama wanavyochambua mashairi: wamtaje mtunzi, wachunguze lugha yake, na wakosoe panapostahili. Kumwamkia mzee kisha kuondoka kabla hajaitika si adabu.