Sifa ya Mkono Usio na Haraka

Katika nyumba kuukuu za mameneja wa mashamba ya Kericho, ambako makampuni ya Kiingereza yalianza kulima majani chai kwa wingi katika miaka ya 1920, aghalabu utakuta hodhi la kuogea la chuma cha kusubu, zito, limepakwa enameli nyeupe, ambalo zamani maji yake yalichemshwa kwa kuni nyuma ya nyumba. Chuma hicho hudumu. Kinachochakaa kwanza ni ule mdomo wa shaba ulio chini, unaotoa maji machafu, ambao kwa miaka mingi huwa umeshikwa na ukoga na puti iliyokauka, hata asiye na subira akadhani hapana dawa ila nyundo.

Namsifu fundi ambaye, akitaka kuufungua mdomo huo, huanza kwa kuutazama. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji huinyonya ile zinki taratibu. Kwa hiyo akiona wekundu katika msalaba uliomo ndani ya tundu, hujua kwamba madini yamekwisha nguvu na hayatastahimili kushurutishwa. Basi humimina birika la maji yanayotokota, shaba ikatanuka kisha ikanywea, na mshikamano ukaanza kulegea. Ikisha kupoa, hutia mafuta ya taa kidogo, akaiacha usiku kucha. Asubuhi huingiza mikono miwili ya koleo katika nafasi za msalaba, hupitisha bisibisi ndefu baina yake iwe wenzo, akazungusha kinyume cha mwendo wa saa, polepole, pasipo kushtua.

Na msalaba ukivunjika? Hapo ndipo ustadi hudhihirika. Huchukua bapa la msumeno wa chuma, akalizungushia kitambaa upande mmoja apate pa kushika, akakata shaba kwa ndani huku akikoma kabla ya kugusa hesi za kipande cha chini, kisha akaigongagonga ikunjike ndani, itoke bila enameli kupata hata mkwaruzo. Ni insafu kuitaja kazi hii pamoja na useremala na uhunzi, kwa kuwa nayo yataka elimu ya madini na mkono wa hadhari.

Basi, ewe mwenye nyumba ya zamani huko Kericho au Sotik, akikujia mtu akataka hodhi lako livunjwe kwa ajili ya kipande cha shaba kinachoenea kiganjani, mwambie angoje kwanza, ukateleke birika.